Kiasi Chake

Mama anakuna nazi, mie naandika msimbo.
Jiko moja, mkeka mmoja, hapa Limbani, Wete.
Mbuzi yake inakwaruza, vidole vyangu vinagonga,
na kwa muda sauti hizi zinakwenda pamoja
kama watu wawili kwenye kinu kimoja.

Nilimwambia: nataka tovuti itakayomjua mlaji.
Mtu afungue, aseme ana nini kabatini,
anapenda nini, nini kinamdhuru,
nayo imjibu: leo pika hiki, tena pika hivi.
Akacheka mpaka kifumbu kikamdondoka.
"Kumbe watengeneza mavyaa!"

Tukaanza na vipopoo.
Unga?
"Kiasi chake."
Sukari?
"Usizidishe."
Tui?
"La kwanza liweke kando, la pili ndilo upikie."
Muda gani?
"Mpaka utakapoona."
Nitaona nini, mama?
"Utaona."

Kompyuta ikagoma, herufi nyekundu:
Kosa, mstari wa arobaini na moja.
"Kiasi chake" si namba.

Nikaazima mizani ndogo kwa Kombo wa duka la dawa,
nikamwomba mama achote chumvi, aitie humo.
Gramu nne.
Achote tena. Nne.
Mara ya tatu alikuwa anabishana na Bi Mchanga dirishani
bei ya tungule,
hata hakuutazama mkono wake.
Nne.
Nikabaki nimeduwaa mbele ya mizani
kama mtu aliyekwenda kumfundisha samaki kuogelea.

Basi nikaandika: vidole vitatu vya Bi Time, gramu nne.
Nikaandika kibaba, nikaandika ukufi,
nikaandika harufu ya thomu inapoacha ubichi,
hii nikaifuta, nikaiandika tena.

Wa nyumbani wakaja kuijaribu.
Baba ana presha: ikampa pweza wa nazi, ndimu nyingi, chumvi hapana.
Akala, akanyamaza, akaongeza chumvi.
Shaame hali bilinganya tangu utotoni:
ikamletea bilinganya mara tatu,
nikakesha siku mbili kutafuta nilipokosea.
Bi Mchanga ana sukari; kalimati zake zote zikafutika,
akaletewa shelisheli la kuchoma, kipande kimoja.
"Mashine yako hii," alisema akijifunga leso,
"ina roho mbaya."

Jana usiku nikamwita mama. Zamu yako.
Akafuta mikono, akaketi mbele ya kioo
wima, kama anayepigwa picha ya pasipoti.
Nikamsomea: Unapenda kula nini?
"Baba yako anapenda mchuzi wa pweza."
Si baba, mama. Wewe.
"Shaame asipoona papa, hashibi."
Wewe.
Akainuka, akaenda kulikoroga tui lisikatike.
Halikuwa karibu kukatika.
Mshale ukawa unawaka na kuzima
ndani ya kisanduku kitupu.

Miaka hamsini na kitu.
Watu wangapi wamekula mkononi mwake,
arusi, hitima, futari za mtaa mzima,
na swali hili limengoja mpaka liulizwe na mashine.

"Ukoko," alisema, mgongo amenipa.
"Wa wali wa nazi. Chungu kiwe cha udongo.
Na watu wawe wameshalala."

Nikatafuta. Vyakula mia mbili na kumi na sita,
ukoko haumo.
Kwangu ulikuwa kitu cha kuloweka maji na kusugua.
Nikaufungulia ukurasa wake.
Walaji: mmoja.
Moto: wa kupaliwa juu, makaa matatu.
Muda: mpaka utakapoona.
Nikaushuka mstari wa arobaini na moja,
nikauambia ukubali maneno.

Umeme ukakatika. Ikabaki betri, na makaa.
"Amekubali huyo mavyaa wako?"
Amekubali, mama. Ila anauliza umri wako.

Akafunua chungu, akanusa, akafunika.
"Mwambie, kiasi chake."