Rupia Kumi na Moja

Muhogo wangu wa Vitongoji
nguruwe waliula mpaka mashina,
wakaniachia majani, kama mtu aliyekula samaki
akamwekea mwenziwe miba.
Mbwa wa kuazima walichoka. Mikuki ilichoka.
Mize akasema: "Uza karafuu zilizobaki,
ukanunue gumegume."

Basi nikaenda Chake, rupia kumi na moja
fundoni mwa shuka, na ubavuni Shaame Mkasha,
ambaye jicho lake la kulia
lilibaki Pujini, mwaka wa ndui,
kwa bunduki aliyoinunua kwa kuipenda.

"Usipende," akaniambia njiani.
"Itazame kama unavyotazama meno ya punda."

Dukani kwa Vishram palinuka kafuri.
Bunduki zilikuwa zimeegemezwa ukutani,
nyuma ya magunia ya mchele,
kama wagonjwa wanaongoja dawa.

Ya kwanza ilikuwa na fedha kitakoni,
maua, na jina la mtu aliyekwisha kufa.
Rupia thelathini. Shaame hakuigusa.
"Hiyo ya kwendea harusini."

Ya pili, saba tu. Nyepesi.
Mtutu umepakwa rangi nyeusi, mbichi bado,
ikaniachia alama kiganjani.
Hapakwi rangi kitu kisicho na aibu.
Shaame akalowesha kidole, akaziba kitundu cha kifa:
"Puliza mdomoni."
Nikapuliza. Pumzi yangu ikatokea katikati ya kasiba,
kiupepo chembamba, baridi,
juu ya mkono wangu wa kushoto,
pale pale ambapo ningeishika.
Shaame hakusema neno.
Alijipangusa jicho lisilokuwapo.

Vishram akatoa nyingine, ya kiaskari,
ndani imechorwa mifuo inayozunguka.
"Hii yapiga mbali."
Mbali kuna nini? Nguruwe wangu yuko hatua ishirini,
usiku, na mimi nina shamba, sina vita.
Nipe yenye koo laini,
isiyochagua chakula:
leo marisaa, kesho vipande vya misumari,
siku ya njaa hata kokoto za mtoni.

Ya mwisho ilitolewa chini ya kaunta, kwa haya.
Kitako kimefungwa waya wa shaba,
mti wake sikuujua, umeliwa na jasho la watu.
Shaame akauangusha mdeki ndani:
ngii! Ukalia chini kabisa, chuma juu ya chuma,
hapana tope la kutu.
Nikapuliza mpaka masikio yakaziba,
pumzi ikakaa humo kama mwenyeji.
Tukajibanza gizani nyuma ya magunia,
akamvuta jogoo, akafyatua.
Cheche zikamwagika kisahanini
kama chumvi iliyotupwa motoni.

Nilitaka kucheka. Shaame akanikanyaga mguu.

Kumi na tano. Kumi na tatu.
Tukatoka, tukaitwa. Tukatoka tena,
hatukuitwa, tukarudi wenyewe.
Kumi na moja, na vipande viwili vya gumegume vya akiba
ndani ya kitambaa kilichokuwa kanzu.

Tulifika Gombani ndipo Shaame akasimama.
"Baruti," akasema.
Nikafungua fundo la shuka. Shuka tu.

Usiku huo mvua ilishuka kwa hasira,
kiberiti kikalowa, jiko likazimika.
Mize akaitazama bunduki, akanitazama mimi.
Akachuna usufi mtoni, akauweka kisahanini,
akaniambia: "Haya, mwindaji."
Nikafyatua. Usufi ukashika,
makumbi yakashika, uji ukachemka.

"Rupia kumi na moja," akasema, akikoroga,
"kwa kiberiti."

Na huko nje, kwenye matuta,
tuliwasikia wakitafuna,
bila haraka.