Kina cha Gorogoro

Mhubiri mgeni alisimama uwanjani Mbale,
koti lake jeupe likigombana na vumbi,
akatusomea orodha ya mataifa.
Lile lilipiga magoti, likapewa viwanda.
Lile liliimba, likapewa meli na mizinga.
Na hili letu, akauliza, kipaza sauti kikikoroma,
hili letu linangoja nini?

Tukapiga makofi.
Mheshimiwa, mstari wa mbele, alipiga kutushinda sote.
Barabara ya kwetu, iliyolipiwa mara mbili,
bado tunaipita kwa gambuti.

Mimi nikamkumbuka mama.

Esnas Kageha hakuwahi kuona meli.
Alikuwa na kigoda, gunia la mahindi kutoka Lugari,
na gorogoro ya bati iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia.
Siku ya soko, Luanda,
kulia kwake aliketi Dorika, kushoto Fanisi,
waimbaji wote wawili, sauti ya kwanza,
gorogoro zao zimegongwa nyundo kitakoni
zikabonyea ndani kama tumbo la mwenye njaa.
Kila kipimo kinabakiza konzi moja.
"Konzi si dhambi," Fanisi alicheka,
"ni zaka. Mteja anatutolea asijue."

Mama alipitisha kiganja ndani ya bati lake
kabla ya mnunuzi wa kwanza,
vile unavyopapasa paji la mtoto mwenye homa.
Likiwa limebonyea safarini, aliligonga kutoka ndani
kwa mchi mdogo wa kutwangia njugu.
Ta, ta, ta.
Katika sala zake zote, hiyo ndiyo niliyoisikia zaidi.

Hakutajirika. Wacha nisiwadanganye.
Mwaka ule nilirudishwa nyumbani mara tatu,
sanduku kichwani, karo haijatimia,
nikamwambia kwa hasira ya miaka kumi na minne:
"Bonyeza basi, hata kidogo!"
Alinipa gorogoro niishike.
"Tia mkono. Ukifika chini
uniambie umemgusa nani."

Babu naye alisimulia ya Kaimosi:
wageni walifika na Kitabu mkono huu,
mkono ule msumeno unaozungushwa na maji,
na nyuma yao, hatua chache tu,
mkusanya kodi ya kibanda.
Wote kwa njia moja,
hata ilimchukua babu miaka kutambua
yupi ametumwa na nani.
Akajifunza kuranda mbao. Akajifunza kusoma.
Akaona pia kwamba nguvu huweza kuja bila Mungu,
ikavuta kiti, ikakunja nne,
ikaletewa chai.

Leo mimi hukagua hesabu, ofisi ya ghorofa ya pili, Kakamega.
Juzi lilikuja faili la zahanati:
saruji, mifuko mia nne.
Nilikwenda kule na viatu vyangu vya kazini, nikahesabu,
nikarudia kuhesabu. Mia mbili na sitini.
Akina mama walikuwa wamepanga foleni chini ya turubai,
mmoja ananyonyesha amesimama.
Mwenye zabuni ni mzee wa kanisa,
mtu mpole, hujua majina ya watoto wangu.
Aliniletea kalenda:
Yesu amebeba mwanakondoo mabegani,
na kati ya Machi na Aprili, bahasha.

Sijui mataifa makuu yalipiga magoti mara ngapi.
Huenda yalipiga. Huenda wengine ndio waliopigishwa.
Najua tu jinsi nchi inavyopungua,
konzi kwa konzi, huku kwaya inaimba,
na hakuna anayesikia mahindi yakibaki.

Nilikaa na ile bahasha hadi mlinzi akaja kuzima taa.
Ilikuwa nene. Mwanangu yuko kidato cha pili.
Mkono wangu, bila kuuambia,
ukaanza kupapasa chini ya meza,
mbao kavu, msumari, gamu ya mtu wa zamani.

Bahasha niliirudisha, na barua, na nakala ya barua.
Kalenda imebaki ukutani; picha haikuwa na kosa.
Mwezi wa tatu haujaisha.
Bosi hajaniita bado.
Kila nikisikia hatua kwenye ngazi
vidole vyangu hugonga mezani vyenyewe,
ta, ta.