Kilima Kisicho na Nukta

Miaka mitatu nimehesabu wizi wa Valparaíso.
Dirisha lililovunjwa: nukta.
Simu iliyopokonywa kituo cha basi: nukta.
Mtu aliyechomwa kisu kwa deni la bia mbili:
nukta, na namba ya jalada, na saa,
kama saa inajulikana.
Ramani yangu imeshikwa na surua.

Bandarini kumeiva. Sokoni kumeiva.
Lakini huku juu, kilima cha San Fidel,
karatasi nyeupe kama shuka la hospitali.
Nyumba mia nne za mabati, za rangi ya ndimu, za samawati,
ngazi mia mbili na kumi na saba,
na hajaibwa hata kuku.
Nikaandika kwenye rasimu, Mungu anisamehe:
*mshikamano wa kijamii ulio imara.*
Profesa Undurraga akapigia mstari wa kijani,
akaongeza pembeni: Safi sana.

Julai, mvua ya upepo, ile inyeshayo kwa ubavu,
nikapanda kwenda kuuona mshikamano kwa macho.
Mlango wa kwanza una komeo tatu.
Wa pili una komeo nne na mbwa.
Wa tatu ukafunguka upana wa jicho moja:
Bi Nolfa Cárcamo, miaka sabini na sita.
"Unauza nini?"
Siuzi. Nauliza.
"Hilo baya zaidi," akasema,
akaenda kuchemsha chai.

Mtungi wake wa gesi umefungwa mnyororo mguuni pa kitanda,
kama mbuzi anayesubiri sikukuu.
Ameibiwa mara tano.
Ya mwisho walibeba redio, na meno ya bandia ya marehemu mumewe.
"Sijui ya nini. Labda waliyakuta yanacheka."

Uliripoti?

"Mara ya kwanza. Cherehani yangu.
Nilishuka ngazi zote na goti hili.
Wakaniuliza namba iliyogongwa kwenye chuma chake.
Nani anajua namba ya cherehani yake, mwanangu?
Mimi najua sauti yake.
Wakafunga kitabu. Nikapanda.
Tangu siku hiyo, kwa shida hizo, sishuki."

Nikainywa chai ikiwa bado moto, nipate cha kufanya na mdomo.

Sajini Bahamondes si mtu mbaya.
Ana kipara, ana ndege wa njano kwenye tundu juu ya kabati la mafaili,
na humwita kwa jina akiwa anaongea nawe.
"Dakta, gari halipandi ngazi.
Tuko wanane, wawili wagonjwa wa mgongo.
Tunakwenda penye nukta.
Si wewe uliyetuletea ramani?"

Ni mimi.
Waendako huandika.
Waandikacho nakichora.
Nikichoracho wanakifuata, na kalamu zao.
Mwamba ngoma huvutia kwake, nilifundishwa;
sikuambiwa kwamba anaweza kuiwamba usingizini,
kisha akaamka akaisifu kwa mlio wake.

Nimefuta ule mstari wa mshikamano.
Profesa anauliza mahali pake nitaweka nini,
na kama ninazo takwimu.
Ninazo komeo saba, mbwa mmoja, mnyororo.
Anasema hizo si takwimu.

Jana usiku nilichukua fomu tupu, ile yao ya kituoni,
nikaijaza kwa mkono, mezani kwangu, haina pa kwenda.
Mali iliyoibwa: cherehani.
Tarehe: masika, mwaka usiokumbukwa.
Namba: haijulikani.
Alama za kuitambua: huanza na kikohozi kidogo,
husita,
halafu hukimbia.

Na siku hizi, nikipita mtaa wa mafundi nguo,
nyuma ya soko, pale ramani inapowaka kuliko kote,
napunguza mwendo.