Shufwa na Witiri

Daftari la kwanza lilikuwa la mgodini,
la kuandikia zamu. Kurasa zilizobaki
nilimpa Otylia: tarehe, saa, sekunde.
Arobaini na moja. Tisini. Mia mbili na sita.
Leo ni daftari la kumi na tisa
na mwanangu ana miaka thelathini na minne.

Mimi ni mtu wa makaa. Hapa Ruda
tulishuka mita mia nane chini ya makanisa yetu,
na kule ukisikia mwamba unakohoa
huulizi kwa nini. Unahesabu, unakimbia.
Basi kifafa nacho nilikihesabu,
bila pa kukimbilia.

Dawa saba zimempitia mwilini.
Moja ilimnenepesha, moja ilimvimbisha ufizi,
moja ilimliza kila jioni
utabiri wa hali ya hewa ukisomwa.
Walimpasua. Walimpachika kifaa chini ya mtulinga.
Kisha daktari wa Katowice akazungusha kalamu
akasema wapo watu wa tiba shufaa, huja nyumbani.

Shufaa ni ya kusemewa mbele ya Hakimu,
nikamjibu, na mwanangu hajashtakiwa.
Nikapanda zangu darini kwa njiwa,
nikakaa huko hadi wakalala wote.

Aliyekuja anaitwa Bernadeta. Ghorofa ya nne, hatuna lifti;
alifika akihema, akavua viatu,
soksi moja imetoboka kidoleni.
Nikampangia madaftari mezani
kama mtu anayelipa deni.
Hakuyafungua.
Alimwendea Otylia, akapiga magoti, akauliza:
wewe, unaogopa nini?

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Hata mimi.
Hata mama yake, Mungu amrehemu.
Maneno ya Otylia hutoka mojamoja
kama mabehewa yakipita kwenye kizuizi cha reli:
"Naogopa... uso wa baba... nikirudi."

Nikirudi. Sisi twasema anaanguka,
kumbe yeye huwa anakwenda.
Na kila arudipo, cha kwanza kumlaki
ni mimi na saa mkononi,
uso kama lango la shimo siku ya ajali.

Bernadeta hakuja na mauti mfukoni.
Alikuja na dawa ya kutia shavuni,
na mto wa nyonga, na fomu yenye swali
lililonikausha mate: akizidiwa, apelekwe au abaki?
Akauliza nalala saa ngapi. Nikasema silali.
Aliliandika hilo pia, kana kwamba ni ugonjwa.

Otylia alitaka njiwa.
Dari lina ngazi, na ngazi na kifafa havipatani;
hajapanda tangu ana miaka kumi na mmoja.
Jumamosi nikawateremsha watatu
katika kapu la mashindano, nikafunga madirisha ya jikoni.
Yule wa kijivu, aliyewahi kurudi kutoka Ubelgiji
na bawa lililochanika,
akatua juu ya jokofu, akainyea kalenda ya parokia.
Otylia alicheka hadi kofia yake ngumu
(ndugu ya ile niliyovaa shimoni)
ikamkaa upande. Bernadeta akaifungua,
akaweka kiganja chake pale ilipokuwa.

Kikaja. Hakichagui, huja hata na furaha.
Mkono wangu ukakimbilia mfukoni.
"Saa niachie mimi," akasema. "Wewe lete uso."

Nikalala sakafuni, ubavu kwa ubavu naye,
shavu kwenye vigae vya baridi.
Sijui kilichukua muda gani.
Shufwa au witiri, sijui.
Njiwa mmoja alitembea kati yetu akidonoa makombo.
Macho yake yakafunguka, yakatafuta,
yakanikuta nimelala kama yeye.

"Baba... na wewe ulikwenda?"

Daftari la kumi na tisa, tarehe ile:
njiwa watatu.
Mmoja amegoma kushuka jokofuni.