Siku ya Tatu

Nilisema kwa ulimi wa pembeni,
nikichambua mchele mlangoni pangu, Bonyokwa:
mgeni siku mbili.
Sikumalizia. Nani mjini hapa hajui mwisho wake?

Nabintu hakujua.
Kwao Kabare wana methali zao.
Akauliza, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa:
"Na siku ya tatu, mama, wanamupatia nini?"

Unga nilikuwa nampa. Kilo mbili kila Ijumaa,
na maharage yenye vidudu, nisijifanye mtakatifu.
Watoto watatu, mmoja si wake;
walikutana njiani, hata jina kampa yeye.
Jumatatu unga umekwisha.
Jumanne moshi hautoki jikoni kwake,
nami nafunga dirisha la upande ule,
maana njaa ya jirani ina macho.

"Jembe," nikasema. Aibu ikanishika shingo.
Naye akapiga makofi mawili, kama aliyepewa ng'ombe:
"Leta."

Nyuma ya nyumba kuna bonde,
hatua ishirini kwa thelathini,
tope, chupa, nepi za watu,
pale marehemu alipotaka vyumba vya kupangisha
akafa na deni la tofali.
Nikamwonyesha. Mbolea tukaomba
kwenye banda la kuku la Makunganya.
Mbegu tukanunua Buguruni, kwa kijiko.

"Lengalenga," akasema, akizinyunyiza.
"Mchicha," nikasema.
"Sombe."
"Kisamvu."
Tukabishana hivyo hadi tuta la nne,
kama watu wanaogombea kumpa mtoto jina.

Vita sijamuuliza.
Siku transfoma ilipolipuka kwa fundi Seif
nilimwona kifudifudi juu ya miche,
mikono imewafunika wawili aliowafikia.
Wa tatu alikuwa kisimani na ndoo, anatazama tu.
Kisha akainuka, akakung'uta khanga,
akaanza kuisimamisha miche mmoja mmoja,
akiiomba radhi kwa lugha nisiyoijua.

Siku ishirini na moja. Mchicha hausubiri kikao.
Walikuja watu wa fulana nyeupe,
wakapiga picha na jembe jipya,
wakaondoka nalo.
Letu lina mpini wa mpera, limeliwa ncha,
na ndilo lililolipa daftari, sabuni, dawa ya kikohozi,
fungu kwa fungu, mia tatu mia tatu.

Aprili mto ulipanda, ukala nusu ya matuta.
Nusu iliyobaki tulikula sisi.
Sisi, ndiyo: mwezi ule genge langu lilikuwa limefungwa,
na aliyegonga mlango na bakuli, limefunikwa kwa sahani,
hakuwa mtu wa mtaani kwetu.
Hakuuliza niko siku ya ngapi.

Leo tuko stendi ya Mbezi, saa kumi na moja alfajiri.
Mdogo wake yuko kambini Kigoma,
mgao umepunguzwa tena,
lakini nyuma ya hema, anasema, kuna kipande
upana wa mkeka.
Mbegu tumekausha juu ya bati,
tumezifunga kwa karatasi ya hesabu za mtoto,
kugawanya, zote amepata.

Konda akaitikisa bahasha sikioni.
"Kuna nini humu?"
"Lengalenga," nikasema mimi.
Akanitazama kama nimemtukana.
Nabintu akanisukuma kwa kiwiko:
"Mchicha, kaka. Andika mchicha."