Karatasi Mbili

Muuguzi Philippa alinifunga mkono
kwa kile kitambaa kinachovimba,
akasema, tulia, usiongee.
Nikatulia. Namba zikajisemea:
mia na sabini, juu ya mia na nne.

Karatasi ya pili ilitoka maabara Jumatano,
namba yake ndogo
kama mshahara uliokwisha katwa.
Homoni ya kiume, daktari akasema,
kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.
Nikatazama mlango kama umefungwa.

Mficha uchi hazai, bibi alikuwa akisema.
Mimi niliuficha hata mbele ya Zuwena,
miezi minane, nikisingizia zamu.
Na zamu kweli ipo: saa nne usiku hadi kumi na mbili,
ghalani, nikipanga vifurushi vya watu waliolala.
Saa nane chipsi, chumvi ya kumwaga,
kopo la pili la kinywaji cha kukeshea,
kisha usingizi wa mchana, mapazia mazito,
nikikoroma mpaka jirani agonge ukuta.

Kinyozi mmoja kule Luton aliniuzia unga, pauni arobaini.
Dawa ya mababu, siku tatu tu, utamsikia jogoo.
Siku tatu moyo ulipiga ngoma
ya harusi ya watu wengine.
Jogoo akabaki wa kwenye kanga.

Nilimwuliza daktari: kipi kilitangulia,
presha kupanda au kile kushuka?
Akakuna shavu. Hatujui kwa hakika.
Tumbo, chumvi, usingizi wa vipande vipande,
hao wote wanakaa nyumba moja;
ukimfukuza mmoja, wengine husikia mlango.

Leo nimempa Zuwena karatasi zote mbili.
Amezisoma amesimama, sufuria ikichemka,
akachukua kopo la chumvi
akapanda kiti, akaliweka juu ya kabati
pale ninapofika mimi peke yangu.
Hakusema kitu. Akavaa viatu vya mvua.

Tukakata Milton Keynes kwa miguu, vipilefti vitano,
hadi kwa wale ng'ombe wa zege
wanaosimama majanini mwaka mzima bila kula.
"Huyu fahali au jike?" akauliza.
Nikainama, nikachungulia chini ya tumbo,
nikakawia kujibu.
Akaanza yeye kucheka, nami nikafuata,
mpaka nikashika magoti, pumzi fupi, jasho shingoni.
"Haya, simama," akasema.
"Bado kurudi."