Herufi Nne za Bi Ishbel

Nililijua kabla sijalijua.
Mitaani kwetu tulikwisha kulipa uraia:
usimaindi, kaka, yameisha.
Nikalibeba hivyo hivyo hadi Dundee
nikidhani lina maana moja, kama msumari.

Chumba nilichopanga kilikuwa ghorofa ya tatu,
ngazi za mawe zimelika katikati kama sabuni,
mlango mfupi.
"Maind kichwa," alisema Bi Ishbel Geddes,
na kabla sijajiuliza kichwa changu kimemkasirikia nani
boriti ikanifasiria.

Siku ya pili alisimama na chai yake
kando ya kiti kilichojaa madaftari yangu.
Je, ningemaindi akikaa?
Kwa adabu zote nilizolelewa nazo nikajibu: Ndiyo!
Ndiyo, tena kwa tabasamu.
Akanywa chai yake wima, kimya,
akitazama mvua ikivuka mto Tay,
nami nikastaajabu jinsi wazee wa huku
wanavyopenda kusimama.

Ilinichukua wiki nzima kugundua
kwamba swali lile huvaliwa kinyume, kama fulana:
anayekubali husema hapana.

Jumatatu na Alhamisi aliletewa Lorne,
mtoto wa jirani, miaka minne na kamasi za kudumu.
Hiyo nayo ilikuwa kazi ya neno lile lile:
kumfunga vifungo, kumkatia mkate pembe tatu,
kumsikiliza akieleza habari za konokono
saa nzima bila kuitazama saa.
Mimi ningesema kulea, au kuchunga.
Yeye alisema lile tu, na alipolisema
mkono wake ulikuwa tayari kwenye kola ya mtoto.

Kisha nikavunja kikombe. Cha buluu, chenye nanga.
"Neva maind," akasema, nikapumua.
Usiku nikamsikia amepiga magoti jikoni
akitafuta vipande kwa kurunzi.
Kumbe mtu anaweza kukwambia usijali
akabaki yeye na kujali kote,
juu ya sakafu baridi.

Kikombe kilikuwa cha Wattie.

Februari aliniuliza: unamaind Wattie,
alivyokuwa akipanda ngazi huku anapiga mluzi?
Nikadhani anauliza kama mluzi wa marehemu unanikera.
"Hapana," nikamjibu upesi, "hata kidogo."
Uso wake ukafungwa kama duka.

Senga, mama yake Lorne, ndiye aliyenisimamisha ngazini,
funguo mdomoni, mifuko ya viazi mikono yote miwili.
Huku, alisema alipozitema funguo,
tukiuliza hivyo tunauliza: unakumbuka?
Halafu akagusa kipaji chake.
Na hii ya humu ndani pia tunaiita hivyo.
Yake inavuja. Hukuona?

Sikuwa nimeona.
Nilikuwa nahesabu maana kwenye daftari,
nimefika ya sita.

Machi alisahau jiko likiwaka.
Aprili aliniita Wattie, akaniomba radhi,
akaniita tena.
Lorne hakuletwa tena, na konokono
alibaki ndani ya mtungi dirishani
mpaka nilipomshusha bustanini mwenyewe.
Asubuhi nikawa namfunga Bi Ishbel vifungo,
cha juu kwanza, maana ndicho alichokigombania.
Hakuna aliyeniambia kazi hii inaitwaje.

Jana jioni akaja na chai yake.
Nikaondoa madaftari kitini, akakaa.
Mvua. Taa za daraja. Redio ya jirani.
Unamaind Wattie?
"Ndiyo," nikasema.
Na mluzi wake?
"Na mluzi wake."
Basi upige, akasema, nisikie kama ni wenyewe.

Sijui kupiga mluzi.
Nikakunja midomo.